Kabla ya kumwita mshenga, mpimeni presha

Mume anayeumwa goti huja hospitali mwenyewe. Anayeumwa kifua huletwa na mke. Mwenye tatizo la chumbani haji kabisa. Anakuja mke, tena anakuja kwa ugonjwa mwingine.

Mama mmoja (nimebadilisha mawili matatu ili majirani wasimtambue) aliniambia hapati usingizi. Maswali machache tu, usingizi ukageuka kuwa mume. "Dokta, miezi sita ananigeuzia mgongo. Huyu ana mchepuko." Ushahidi wake ulikuwa mzito: simu imewekwa namba ya siri, kila jioni baba anachelewa, na kwenye mfuko wa suruali amekuta kidonge cha bluu kimefungwa kwenye karatasi. Mshenga alishapigiwa simu, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wanatarajiwa Jumapili.

Nikamwomba jambo moja: kabla wazee hawajala pilau yake, aniletee mtuhumiwa.

Alikuja amenuna kama aliyeitwa mahakamani. Presha 170 kwa 105. Sukari nayo juu. Mwaka uliopita aliandikiwa dawa za presha, akameza mwezi mmoja, wenzake wa kijiweni wakamwambia zinaua nguvu za kiume, akaziacha kimya kimya. Kwenye simu alikuwa anatafuta dawa za asili. Na jioni? Jioni alikuwa kwenye supu ya pweza. Mchepuko wenyewe, kumbe, ni pweza!

Tulicheka wote watatu, lakini presha ile haikuwa ya kuchekesha. Uume husimama kwa kujaa damu, na mishipa inayopeleka damu huko ni myembamba kuliko ile ya moyo. Presha, kisukari na sigara vikianza kuharibu mishipa ya mwili, ile myembamba ndiyo hulalamika mapema, mara nyingi miaka kadhaa kabla moyo haujasema neno. Sukari iliyokaa juu muda mrefu huharibu na mishipa ya fahamu. Kwa hiyo baba anayegeuza mgongo huenda hana mwanamke mwingine. Huenda ana kiharusi kinachomnyemelea. Sisemi wote ni hivyo. Pombe, madeni na mawazo ya ada za shule navyo humaliza hamu, na wachepukaji nao wapo, tusidanganyane.

Ni kweli baadhi ya dawa za presha hupunguza nguvu. Nyingi hazina shida hiyo, na inayokusumbua hubadilishwa. Lakini useme. Mimi siwezi kubadilisha dawa ambayo sijaambiwa imeachwa, na presha isiyotibiwa itakuharibia hiyo hiyo nguvu unayoilinda.

Kuhusu kidonge cha bluu: dawa yake, sildenafili, ilikuwa inajaribiwa kwa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, wataalamu wakagundua inasaidia kwingine, na mwaka 1998 ikaruhusiwa Marekani kwa kazi hiyo. Ni dawa nzuri kwa mtu aliyepimwa. Lakini ukiimeza huku unatumia dawa za moyo za kundi la nitreti, kama ile inayowekwa chini ya ulimi, presha inaweza kuporomoka ghafla na ukafa. Unga wa "asili" usio na lebo nao usiuamini. Baadhi umewahi kukutwa umechanganywa na dawa hiyo hiyo. Pweza, karanga mbichi na nazi ni chakula, kuleni. Havishushi presha.

Akina mama, msimtangaze kwa mawifi. Mwambie tu, "Baba fulani, twende wote tukapime presha na sukari," na wewe upime kweli, maana na wewe si chuma. Nanyi akina baba, daktari akiwa mwanamke msianze kunihadithia habari za mgongo kwa nusu saa. Nimeshasikia yote.

Mama yule hakuwahi kuwazuia wazee. Walikuja Jumapili, wakakuta hakuna kesi, wakala pilau. Ananiambia mshenga, wakati wa kuaga, alimvuta mumewe pembeni akamuuliza kliniki ile hufunguliwa siku gani.