Kanuni za masafa ya wazi ziwafikie wanavijiji

Mwananchi wa Mishamo akitaka kufungua duka anajua ofisi ya kwenda. Akitaka kukata mti kwa ajili ya mbao, anajua pia. Lakini akitaka kusimamisha mlingoti wenye antena ndogo, ili zahanati ya kijiji ipate intaneti kutoka shule iliyo kilomita chache tu, hajui amwulize nani. Tunahofu kwamba hata afisa atakayeulizwa atajibu kwa kubahatisha. Atakataza kisicho haramu, au ataruhusu kisicho halali.

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba pengine atauliza Mishamo inamhusu nini. Mishamo iko Bara, mkoani Katavi, zaidi ya kilomita 100 kutoka mji wa Mpanda, katikati ya miombo. Ni makazi yaliyoanzishwa mwaka 1978 kwa ajili ya ndugu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Huko vilifyekwa vijiji 16, na ndugu hao pamoja na wenzao wa Katumba na Ulyankulu walianza kukabidhiwa hati za uraia wa Tanzania mwaka 2014. Sasa ni raia wenzetu, na mawasiliano ni jambo la Muungano. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, husimamia masafa ya Mishamo kama inavyosimamia ya Tumbatu na Kojani. Kanuni isiyoeleweka msituni haitaeleweka baharini.

Masafa ni njia za hewani zinazopitisha mawimbi ya redio, zile ambazo wazee wetu walizitumia kwa simu ya upepo, jina ambalo mpaka leo hatujapata bora kuliko hilo. Njia hizo ni mali ya umma. Nyingi hutolewa kwa leseni, na kampuni za simu huzilipia fedha nyingi. Ziko chache, hata hivyo, ambazo hazimilikiwi na mtu. Mkutano wa kimataifa wa Atlantic City wa mwaka 1947 ulitenga masafa kadhaa kwa mitambo ya viwanda, sayansi na tiba. Miongoni mwake ni yale ya gigahezi 2.4, ambayo leo hutumika katika majiko ya mikrowevu. Kwa kuwa yalikwisha kujaa kelele za mitambo, hapakuwa na aliyeyagombania. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu watu wayatumie kwa mawasiliano bila leseni ya masafa, na nchi nyingine zikafuata. Baadaye Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio wa mwaka 2003, uliofanyika Geneva, ukatenga sehemu za masafa ya gigahezi 5 kwa mitandao isiyotumia waya. Basi waifai tunayoiona mahotelini na maofisini ilizaliwa katika masafa yaliyodharauliwa.

Ni kosa kudhani kwamba kutohitajika leseni ya masafa ni sawa na kutokuwapo sheria. Kifaa chenyewe lazima kiwe cha aina iliyoidhinishwa na Mamlaka. Nguvu yake ina kikomo, na katika nchi nyingi za eneo letu la dunia kikomo cha gigahezi 2.4 ni miliwati 100, kiasi kisichofikia nguvu ya kurunzi ndogo. Tena mtumiaji hapewi ulinzi. Jirani akimwingilia kwa kifaa halali, hana pa kushtaki. Naye akimwingilia mwenye leseni, ni lazima azime. Na lililo kubwa zaidi ni kwamba kuyatumia masafa bure si ruhusa ya kuuza huduma. Anayeuza intaneti kwa umma anahitaji leseni ya huduma, hata kama mawimbi yanayoipeleka hayana ada.

Kikomo cha nguvu hakikuwekwa ili kuwakomoa wananchi. Barazani watu kumi huweza kuzungumza wawili wawili na wote wakasikizana, mradi kila mmoja ashushe sauti. Akitokea mmoja na kipaza sauti, baraza limevunjika. Wenye hoteli zilizobanana katika fukwe za Unguja wanaweza kulielewa hilo kuliko mtu wa Mishamo, ambaye jirani yake wa karibu katika masafa yako mbali naye. Isitoshe, katika nchi nyingi rada za hali ya hewa hutumia sehemu ya masafa ya gigahezi 5, na kwa sababu hiyo vifaa vya sehemu hiyo hutakiwa visikilize kwanza, vikiikuta rada vihame. Fundi anayeifuta kinga hiyo ili apate kasi zaidi anaweza kumficha mtabiri wa hali ya hewa dhoruba inayowajia wavuvi.

Na wala haihitajiki nguvu nyingi. Mwaka 2007, nchini Venezuela, Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha vilele viwili vya milima vilivyo umbali wa kilomita 382 kwa vifaa vya waifai, kwa kutumia antena zilizoelekezwa vyema. Hapa hatuna haja ya kilomita hizo. Mishamo ina tatizo jingine, nalo ni miti, maana majani mabichi humeza mawimbi ya gigahezi 2.4. Dawa yake ni mlingoti mrefu na njia iliyo wazi kati ya antena mbili. Kwa Kondoa, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma walichukua njia nyingine: waliunganisha jamii kwa masafa ya televisheni yaliyo matupu, yanayopenya miti vizuri zaidi, lakini hayo yalihitaji kibali cha majaribio cha Mamlaka. Ndiyo kusema elimu tunayo nyumbani.

Tunalolidai ni dogo, na wahusika ni Wizara na Mamlaka. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yanayokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zetu. Basi kanuni za masafa haya ziandikwe kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja: masafa yapi, nguvu kiasi gani, vifaa vipi, na ni wapi hasa matumizi ya shule yanapogeuka kuwa biashara. Hilo la mwisho ndilo linaloogopesha watu, kwa sababu mwalimu anayechangisha fedha za umeme hajui kama amekwisha kuwa mfanyabiashara.

Leseni zetu za mitandao zimezoeleka kupangwa kwa ukubwa wa eneo, kuanzia kimataifa hadi wilaya. Kijiji hakiwezi kupimwa kwa kibaba cha wilaya. Kenya mwaka 2021 iliweka utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii, wenye ada nafuu, na hatuoni aibu kuiga jambo jema la jirani.

Ukurasa huo ubandikwe katika kila ofisi ya kata, Mishamo kama Kojani, na maafisa watendaji wafundishwe kuusoma kabla hawajapewa amri ya kung'oa mlingoti wa mtu.