Mchungaji aliyesomea neema kwa Kiingereza

KONA YA MWAKALINGA
Na Tumaini Mwakalinga

Katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, Warumi sura ya 3, mstari wa 24, yamekaa pamoja maneno mawili yanayobeba sehemu kubwa ya mafundisho ya Kiprotestanti: haki na neema. Mwanafunzi wa shahada ya theolojia huyachambua kurasa kwa kurasa na kupata alama nzuri, ila huyachambua kwa Kiingereza. Siku atakapopanda mimbarani, mbele yake atakuwepo mama ambaye haki anaijua kutoka baraza la ardhi la kata. Kwake haki ni kitu cha kudai, ni shamba lake alilodhulumiwa. Akiambiwa kwamba amehesabiwa haki bure, atajiuliza kesi ilisikilizwa lini. Na neema kwake ni mvua iliyokuja kwa wakati na ghala lililojaa. Mwaka wa neema ni kinyume cha mwaka wa njaa. Hajakosea hata kidogo. Ndivyo Kiswahili kinavyosema.

Maneno hayo hayakuzaliwa kanisani. Watafsiri wa karne ya 19, akina Krapf kule Rabai na Askofu Edward Steere pale Unguja, waliyakuta vinywani mwa watu wa pwani pamoja na toba, sadaka na imani, wengi wa watu hao wakiwa Waislamu, wakayaazima. Kuyapa maana aliyoikusudia Paulo kulibaki kazi ya wahubiri, na kazi hiyo haijaisha. Wahubiri wa utajiri waligundua pengo hilo mapema kuliko vyuo. Mhubiri wa namna hiyo halazimiki kueleza neema ni nini, kwa sababu neno limemfikia likiwa na ghala lake ndani. Anachofanya ni kuongezea nyumba na gari, kisha anamwambia msikilizaji apande mbegu. Mwenye shahada anayetaka kumpinga ana fasili safi kabisa kichwani, lakini iko katika lugha ambayo waumini wake hawaitumii kuomba.

Nayakumbuka haya kila unapozuka mjadala wa kuwabana wachungaji kwa vyeti. Rwanda ilitunga sheria mwaka 2018 iliyomtaka kiongozi wa kanisa awe na shahada ya masomo ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha masomo hayo, ikawapa waliokuwapo miaka 5 ya kujipanga. Kenya ilijaribu kanuni za aina hiyo mwaka 2016, makanisa yakaja juu, zikaondolewa. Kisha ikaja Shakahola, mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ya waumini waliohubiriwa kufunga hadi kufa ilifukuliwa msituni Kilifi, na mjadala ukarudi kwa uchungu mkubwa zaidi. Siupingi utaratibu wa vyeti. Anayeshika roho za watu asome, kama anavyosoma anayeshika sindano. Lakini sheria inauliza kama mtu amesoma, haiulizi kama anaweza kuyasema aliyoyasoma mbele ya mtu aliyefunga siku ya tatu na mtoto wake anaumwa. Mafundisho ya njaa na ya miujiza yanahubiriwa kwa Kiswahili kizuri sana. Hayawezi kujibiwa kwa tanbihi za Kiingereza.

Kwa hiyo hoja yangu ni moja: shahada ya theolojia katika nchi za Kiswahili, Tanzania kwanza, iandikwe na itahiniwe kwa Kiswahili. Leo mgawanyo wetu ni wa ajabu. Vyuo vingi vya Biblia vya ngazi ya cheti, vinavyoandaa wainjilisti, hufundisha kwa Kiswahili. Ukipanda hadi shahada, lugha inabadilika, kana kwamba kufikiri kwa kina kuna lugha yake. Ilhali katika sharika nyingi za Kilutheri mwinjilisti ndiye anayehubiri mtaani Jumapili nyingi, na mchungaji anazunguka mitaa kwa zamu kugawa Meza ya Bwana. Anayepaswa kumwelekeza mwinjilisti huyo amefundishwa kwa lugha nyingine.

Nitaambiwa vitabu viko kwa Kiingereza. Ni kweli, na visomwe. Kusoma kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine ndiyo mazoezi yenyewe ninayoyataka: mwanafunzi akilazimika kumweleza mwanatheolojia Karl Barth kwa Kiswahili, siku hiyohiyo mwalimu atajua kama amemwelewa au amemnakili. Nitaambiwa shahada hiyo haitatambuliwa nje. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikipokea tasnifu za uzamivu zilizoandikwa kwa Kiswahili, na hazikugeuka karatasi za kufungia maandazi. Nitaambiwa pia kwamba kwa waumini wengi wa Mbulu au Rungwe Kiswahili nacho ni lugha ya pili. Pingamizi hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa kurudi kwenye lugha ya tatu.

Pingamizi ninaloliogopa ni la Luther. Alisoma kwa Kilatini, akafundisha kwa Kilatini, na bado alihubiri Kijerumani kilichotikisa Ulaya. Basi lugha ya darasa ina shida gani? Shida ni kwamba Luther hakuishia darasani. Alitafsiri Agano Jipya lililotoka mwaka 1522, na mwaka 1530 akaandika waraka mzima kutetea tafsiri yake, akisisitiza kwamba mtafsiri akawasikilize mama nyumbani, watoto mitaani na mtu wa kawaida sokoni. Alihangaika kwa miaka na neno mojamoja, na uhangaikaji huo haumo katika mitaala yetu. Tunamwachia mhitimu aufanye mwenyewe, Jumamosi usiku, mahubiri yakiwa kesho.

Kuanza hakuhitaji bajeti ya wizara. Swali moja kwenye mtihani wa mwaka wa tatu linatosha: mweleze mama mwenye kesi ya shamba maana ya kuhesabiwa haki, kwa kurasa mbili, na yeye asome jibu lako kabla ya mtahini.