Kipimo cha Mwendo wa Mlimani

Ushauri wa kutembea nusu saa kila siku umekwisha kuenea kote nchini, hata Mamba, kule Upare ya kusini wilayani Same, ambako mkulima wa tangawizi hana njia ya kwenda shambani isipokuwa ya kupanda au kuteremka. Kwa mtu wa huko mwenye shinikizo la damu au kisukari, naona ushauri huo ni sawa na kumpa dawa bila kumwambia ameze vidonge vingapi.

Watu wa tambarare huambiwa kwamba hatua 100 kwa dakika ni mwendo wa nguvu za wastani. Mlimani kipimo hicho hakifai. Hatua 60 za kupanda, kiroba kikiwa kichwani, zaweza kuuchosha mwili kuliko 120 za barabara ya lami. Hapana budi tuuulize mwili wenyewe, na damu ndiyo shahidi aliye karibu.

Misuli ivunjapo sukari huzalisha laktati. Mtu apumzikapo, damu yake huwa na takriban milimoli 1 katika lita. Atembeapo taratibu kiasi hicho hakibadiliki sana, kwa kuwa moyo, ini na misuli mingine huitumia laktati kadiri itokeavyo; juhudi zikizidi, uzalishaji hushinda utumiaji. Penye milimoli 2 hivi ndipo mwendo mwepesi unapokoma. Kiwango cha 4, kilichopendekezwa na Mader na wenzake huko Ujerumani mwaka 1976, chawahusu zaidi wanariadha, na hata kwao si sheria. (Wanaoiita laktati sumu ya misuli wamepitwa na wakati: ni nishati.)

Tone moja la damu ya ncha ya kidole latosha, na mashine yake hushikika kiganjani. Ila jasho nalo lina laktati. Kidole kisipofutwa vizuri, jibu huwa la uongo.

Wapo watakaosema kwamba wanawake wetu wamezoea mizigo. Ni kweli, mwaka 1986 Maloiy na wenzake walionyesha kwamba wanawake wa Kikikuyu na wa Kijaluo nchini Kenya waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kuongeza matumizi ya oksijeni. Lakini huo ulikuwa mwendo wa tambarare. Usifanywe hoja ya kumwacha mama wa Mamba apande na gunia.

Sidai kila zahanati inunue mashine. Napendekeza wapimwe watu wachache waliokubali, katika njia zao wenyewe, huku wakisalimiana. Salamu za milimani si fupi. Pale pumzi inapoikata salamu, damu ichukuliwe. Mambo hayo mawili yakionekana kwenda pamoja, kama kipimo cha mazungumzo kilivyoonyesha kwingineko, mganga atapata kipimo kisichotoboa kidole: ukishindwa kuimaliza salamu, punguza mwendo au tua mzigo.

Kuteremka ni habari nyingine. Huko laktati hukaa chini, magoti ndiyo yalalamikayo, na damu haina la kusema.