Brashi Haina Ugomvi na Skrini

Ipo kauli iliyozoeleka miongoni mwa wapenzi wa sanaa: kwamba kijana asomaye uchoraji, akiiweka brashi kando na kushika fremu ya skrini, ameiacha sanaa na kuingia katika biashara ya fulana. Kauli hii humfikia hata mwanafunzi aliye mbali na pwani, kule Isingiro, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Humfikia angali akijifunza kuchanganya rangi, ikamvunja moyo. Ni kauli ya kupingwa.

Kwanza itazamwe kazi yenyewe. Kitambaa chembamba huwambwa juu ya fremu ya mbao. Sehemu zisizotakiwa kupitisha rangi huzibwa. Kisha rangi husukumwa kwa ubapa wa mpira, ikapenya palipoachwa wazi. Kila rangi hudai skrini yake, na kila skrini sharti ikae juu ya alama za mwenzake pasi na kupotoka. Mchoro wa rangi nne ni mchoro uliofikiriwa mara nne. Anayedhani kuwa huo ni mteremko, na ajaribu.

Pili, Wapwani wasiisahau nguo iliyo mabegani mwa mama zao. Kanga ni kazi ya kuchapwa tangu karne ya 19. Ina pindo, ina mji, ina jina. Na jina hilo, lililoandikwa zamani kwa herufi za Kiarabu kabla ya zile za Kirumi kushika nafasi, limeyafikisha mafumbo ya wanawake wa Unguja na Mombasa mahali ambapo diwani hazikufika. Hakuna mshairi asemaye kuwa fumbo limepungua uzito kwa kuchapwa mara elfu. Mbona basi picha ihukumiwe kwa kosa ambalo neno limesamehewa?

Husemwa pia kwamba marudio huua sanaa. Ajabu ni kuwa wasemao hivyo ndio wasomao mashairi yenye vina, mizani na kipokeo! Ng'ambo ya mto Kagera, mashariki ya Rwanda, kina mama hutengeneza imigongo kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, wakarudia pembe na mistari kwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Marudio hayo ndiyo uzuri wake. Naye Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima.

Haikataliwi kwamba skrini humpa mvivu njia ya kuiba mchoro wa mwenziwe na kuutoa nakala mia. Lakini mwizi wa brashi naye yupo, na maduka ya watalii yamejaa kazi zake. Dawa ni kumfunza kijana kuchora kwanza, maana skrini haipitishi kisichochorwa.

Jambo hili si dogo. Kwa miaka mingi kanga zetu zimechapwa ng'ambo: Uingereza, Uholanzi, India, Japani. Kijana wa Isingiro akizijua brashi na skrini pamoja, aweza kuchora mgomba na mbuni wa kwao, akautia mji wa kanga na methali ya Kinyambo. Akinyimwa kimojawapo, atabaki mnunuzi wa michoro ya wengine. Wanaompenda wasimchagulie, wampe vyote viwili.