Uzito wa Kuni

BARAZANI, na Bakari Mwinyihaji

Mpwa wangu, ambaye riziki ilimchukua hadi Lewiston, katika jimbo la Maine huko Marekani, alinialika nikae naye majira ya baridi yaliyopita. Na mimi, niliyekuwa nikidhani kwamba kipupwe cha Julai ndiyo baridi, nilijikuta kutwa nimejikunyata mbele ya jiko la chuma mithili ya paka mzee. Jiko lile halipiki chakula. Ni sanduku zito lenye mlango wa kioo na dohani inayotoboa paa, na kazi yake ni moja tu, kuwakinga watu na baridi ambayo maji ya ndoo, yakisahauliwa nje usiku, hukutwa asubuhi yamekuwa jiwe.

Kuni huuzwa huko kwa kipimo kiitwacho kodi, ambacho hakina nasaba na kodi tuilipayo serikalini ila kwa namna kinavyoumiza mfuko: ni fungu lililopangwa la futi 4 kwa 4 kwa 8, yaani futi za ujazo 128. Kuni fupi zilizomwagwa ovyo bila kupangwa, sheria ya jimbo huzidai futi 180, kwa kuwa baina yake pana hewa nyingi, na hewa haiwaki.

Wenyeji husifu mwaloni na mhikori, wakaudharau msonobari, na mimi nikadhani kwamba mti mgumu una moto mkali zaidi kwa tabia yake. Sivyo. Ratili kwa ratili, miti ikikauka sawasawa, joto lake hukaribiana mno, na yenye utomvu hata huizidi mingine kidogo. Fadhila ya mti mgumu ni kwamba tumbo la jiko ni lile lile, na humo huingia uzito mkubwa zaidi, hata moto uliowekwa baada ya isha ukakutwa alfajiri ungali makaa mekundu. Elimu hii mama wa Dar es Salaam anunuaye mkaa kwa debe anayo tangu zamani: ajua kwamba analipia nafasi, ndiyo maana hunyanyua kipande akakipima mkononi kabla ya kufungua pindo la kanga, asije akauziwa mkaa wa mwembe utakaokuwa jivu kabla maharage hayajaiva.

Walakini sifa za mwaloni zina kasoro yake, na mpwa wangu aliilipia. Muuzaji alimwapia kwamba kuni ni kavu. Tulipozitia jikoni zilitoa jasho nchani, zikafanya povu, zikalia kama samaki kikaangoni, na kioo kikawa cheusi. Mwaloni ni bahili wa maji yake: hata ukipasuliwa na kupangwa penye jua na upepo, aghalabu hutaka miaka 2, ilhali msonobari huridhika na kiangazi kimoja. Mpaka unyevu ushuke chini ya sehemu 20 kwa mia, moto hutumia nguvu zake kuchemsha maji yaliyomo mtini, na wanaadamu hupewa masazo. Tena moshi uliopoa hugandamana ndani ya dohani ukawa lami nyeusi, kreosoti, ambayo usiku wa bahati mbaya huweza kushika moto humo humo. Ilibidi aitwe mfagia dohani, naye alitoka na gunia la uchafu ambao sikupenda kuukaribia.

Kwa hiyo nauona msonobari wa kiangazi kimoja kuwa bora kuliko mwaloni uliokatwa juzi, na kwa maoni yangu umri wa kuni wastahili kupimwa kwa ukali ule ule wa futi zake. Kuna kidude cha sindano mbili kionyeshacho unyevu, wala si ghali. Mnunuzi na aende nacho, apasue gogo mbele ya muuzaji, achome upande wa ndani uliofunuka sasa hivi, kwa kuwa nje kila gogo hujifanya kavu.

Siku ya mwisho tuliupanga mwaloni ule ukutani mwa banda, na mpwa wangu akaandika kwa chaki mwaka wa pili kutoka sasa.

“Mjomba, utakuja kuuota?”

Nikamwambia kwanza akatafute msonobari, maana jiko lilikuwa limezima na usiku unaingia.