Intaneti ikikatika Malaba, Mombasa nayo huumia

Dereva aliyepakia kontena Kilindini, akifika Malaba huwa ameshakata zaidi ya kilomita 900. Amepita Mariakani, Mtito Andei, Nairobi, Nakuru na Eldoret. Hapo mpakani huweza kuambiwa neno moja tu: subiri, kompyuta ya wakala haiingii mtandaoni.

Watu wengi huona jambo hili ni dogo, la kumwita kijana wa jirani aje atazame. Lakini Busia na Malaba intaneti ni kazi. Tangu Eneo Moja la Forodha lianze mwaka 2014, hati za mzigo wa Uganda hushughulikiwa kwa kompyuta tangu mzigo ungali Mombasa. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, nacho kilikusudiwa kupunguza foleni. Upande wa pili wa shughuli hiyo kuna wakala mdogo, mwenye kompyuta moja mezani na simu ya kuigawia intaneti. Yake ikikatika, lori linasimama, na dereva wetu analala barabarani.

Basi tuulize swali la msingi: hitilafu iko wapi? Yaweza kuwa kwenye kompyuta, kwenye simu au ruta, kwenye kampuni ya mtandao, au mbali kabisa, baharini.

Njia ya kujua si ngumu. Jaribu kifaa kingine kwenye intaneti ile ile. Kikiingia, mgonjwa ni kompyuta. Hapo angalia tarehe na saa: kompyuta kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi nyuma miaka, na tovuti nyingi huikataa kwa sababu hiyo tu. Kisha izime na uiwashe upya. Kama vifaa vyote vimekwama, tazama bando, nyaya na taa za ruta.

Mpakani kuna ugonjwa wa ziada. Simu huvuka mpaka na mwenyewe hujainuka kitini. Minara ya Uganda iko karibu, na simu iliyoachiwa ijichagulie mtandao hushika ule wenye nguvu. Bando ulilonunua la Kenya huenda lisifanye kazi huko, au ukakatwa pesa kwa bei nyingine. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio, uchague mtandao wako wa Kenya kwa mkono, na uzime ruhusa ya kutumia data ya nje ya nchi.

Ukishafanya hayo yote na bado kimya, mwananchi amefika mwisho wa uwezo wake. Hapa ndipo kwenye hoja yangu.

Intaneti ya Malaba inatoka kwetu. Nyaya za chini ya bahari kama SEACOM na TEAMS za mwaka 2009, na EASSy ya mwaka 2010, zimetia nanga Mombasa. Kutoka hapo mawasiliano hupanda bara hadi mpakani, na Uganda isiyo na bahari hutegemea njia za Kenya na Tanzania. Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa kusini, kuelekea Afrika Kusini, Kenya, Uganda na Tanzania zote ziliyumba. Wakala wa Busia angeweza kuzima na kuwasha ruta mpaka magharibi, isimsaidie kitu.

Juni 25 mwaka huo huo, siku waandamanaji walipoingia Bungeni Nairobi, intaneti ilizorota tena. Kampuni za simu zilisema ni nyaya za baharini. Wengi hawakuamini, kwa kuwa siku ilikuwa ile ile ya maandamano. Jirani zetu nao wana kumbukumbu yao: Januari 2021 serikali ya Uganda ilizima intaneti siku kadhaa wakati wa uchaguzi. Kwa hiyo mtandao ukikatika mpakani, mtu hajui alaumu waya wake, samaki wa baharini au siasa.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Kampuni ikijua njia yake imekatika, iwaambie wateja mara moja kwa ujumbe mfupi: hitilafu iko kwetu, inategemewa kurekebishwa lini. Ujumbe wa maandishi hupita hata pale intaneti imekufa. Bando la siku lililoungua bila kutumika lirudishwe. Mamlaka ya Mawasiliano ieleze kwa uwazi sababu ya kila kukatika kukubwa. Na pale forodha pawe na utaratibu unaojulikana wa kupitisha mizigo mtandao ukilala, hasa ya vitu vinavyooza.

Wewe wakala, weka laini ya kampuni ya pili. Lakini uliza kwanza kama kampuni hizo mbili zinapita njia moja. Kama ndivyo, zitakatika pamoja.

Sisi wa Pwani tusiseme Malaba ni mbali. Lori likikaa siku tatu zaidi kule, linachelewa kurudi bandarini, safari za mwezi zinapungua, na nyumba ya Changamwe au Miritini inapokea pungufu. Dereva anaweza kuvumilia foleni. Kinachomuumiza ni kungoja bila ya kuambiwa anangoja nini.