Ardhi Haizai Ardhi

Mwaka 1961 dunia ilikuwa na watu wapatao bilioni 3, na ardhi iliyolimwa mazao ilikaribia hekta bilioni 1.4. Leo watu wamefikia bilioni 8, ilhali ardhi hiyo ni takriban hekta bilioni 1.6 tu. Fungu la kila mtu, lililokaribia nusu hekta, sasa ni kama hekta moja kwa watu watano. Mbegu bora, mbolea na umwagiliaji ndivyo vilivyoziba pengo.

Hata kupanua mashamba kuna mpaka wake. Katika miaka ya 1980 Saudi Arabia ilistawisha ngano jangwani hata ikauza nje, kwa maji ya chini ya ardhi yaliyokusanyika kwa maelfu ya miaka. Maji yalipopungua, mwaka 2008 serikali iliamua kupunguza ununuzi wa ngano ya wakulima wake, na mwaka 2016 ikaukomesha.

Hesabu hiyo imo pia majumbani mwetu. Shamba la babu likigawanywa kwa vizazi viwili, kila mrithi hubaki na kipande kisichomlisha, naye hukiuza kiwe kiwanja. Udongo uliokwisha kujengewa ni nadra kulimwa tena. Mirathi humpa kila mrithi haki yake, lakini hailazimishi shamba likatwe vipande. Wakiridhiana, mafungu yaandikwe, shamba libaki moja, na mavuno yagawanywe kwa mafungu hayo. Mazungumzo hayo yafanyike mapema, kabla dalali hajabisha hodi.